Farasi wa Binti wa Dobi

Mtu alikuwa anamuuza. Siafu hakuwa na shaka tena juu ya hilo. Kilichobaki ni kujua ni nani.

Mchezo wa sita wa mechi ya ubingwa wa dunia wa sataranji ulikuwa umekwisha punde tu. Yeye, bingwa mwenyewe, alikuwa ameketi kwenye chumba cha kupumzikia nyuma ya ukumbi, viatu amevivua, akiukodolea macho ukuta kana kwamba nao umo kwenye njama. Alikuwa ameianza mechi kwa kishindo, akaichukua michezo miwili ya mwanzo kama anayechuma mboga bustanini kwake. Sasa pointi zilikuwa sawa, na wala si kwa sababu alikuwa anacheza vibaya. Alikuwa anacheza vizuri. Shida ni kwamba kila alikokwenda alimkuta mwenzake ameshafika, ameketi, amekunja nne anamsubiri.

Ubao wa sataranji una pande mbili, upande anakokaa mfalme na upande anakokaa malkia, na shambulio la maana huchagua mojawapo. Siafu akijiandaa kimyakimya kushambulia upande wa mfalme, mpinzani wake alishaanza kuhamishia walinzi huko kabla yeye hajapeleka hata askari mmoja. Akiupanga upande wa malkia, walinzi walikuwa huko huko wakimkaribisha. Mara moja unaita bahati. Mara ya pili unaita bahati tena, ila kwa sauti ndogo. Ikizidi hapo, mtu mzima anaanza kuhesabu watu anaokula nao.

Huyo mpinzani watu walimwita Fundi Saa, kwa sababu marehemu baba yake alikuwa fundi wa saa na yeye mwenyewe alikulia kwenye meza ya vipuri vidogo vidogo. Alikuwa mtu mpole, mnene kidogo, mwenye mikono safi, anayemsalimia kila mtu ukumbini mpaka mfagiaji. Upole ule ndio uliomchefua Siafu kuliko kitu chochote. Aliona mtu anayeshiba kwa wizi hana sababu ya kununa.

Waliojua mipango yake walikuwa wawili tu. Wa kwanza alikuwa Mkufunzi, mzee mwenye upara aliyewahi kutikisa dunia enzi zake, ambaye chama cha sataranji kilimpa kazi ya kumwandaa bingwa. Wa pili alikuwa Kaka, ndugu yake wa tumbo moja, aliyemfundisha mchezo wenyewe.

Mkufunzi aliingia akimenya chungwa. Alivuta kiti, akaketi, akamega pande moja.

"Kikulacho ki nguoni mwako," alisema, bila kuulizwa.

"Unamaanisha nani?"

"Mimi simaanishi mtu. Nasema tu walivyosema wahenga."

Siafu alimtazama anavyotafuna. Akajiuliza mtu anayewahi kusema maneno kama hayo ni mtu wa namna gani: mwenye uchungu, au mwenye kutaka macho ya watu yaelekee kwingine? Kisha akamkumbuka Kaka, ambaye wakati huo hakuwepo chumbani, na ambaye siku hizi alikuwa na tabia ya kutokuwepo. Akavaa viatu.

*

Sifa za Siafu zilianzia kwenye meza ya kupigia pasi. Mama yao alikuwa dobi, mwenye duka dogo lenye kaunta mbele na mvuke nyuma, na Kaka alikuwa kijana wa pasi tangu alipoweza kuinyanyua. Ubao wa sataranji ulikuja na mteja aliyesahau mfuko wake na hakurudi. Kaka alijifunza mwenyewe, kisha akamfundisha mdogo wake, kwa sababu kucheza peke yako ni kama kujipigia hodi. Binti alikuwa bado hajang'oka meno ya utoto alipoanza kumfunga kaka yake. Alipenda kusukuma askari wake wadogo mbele kwa mstari, wote pamoja, bila haraka na bila huruma, na hilo ndilo lililompa jina la Siafu. Jina lake la shuleni lilibaki kwa walimu.

Ila kucheza dukani kulikuwa na karaha yake. Kila walipokolea mchezo, mteja aliingia. Huyu anataka suruali yake, yule analalamika kola haikunyooka, na ilikuwa kazi ya Siafu kusimama na kwenda kaunta. Akirudi, alikuwa ameshasahau alichokuwa anakipanga, na hapo alilia. Mama akakasirika, akasema ama mchezo ama duka. Ndipo Kaka akabuni utaratibu wao.

"Kabla hujasimama, mgeuze farasi wako, hii kete yenye pua," alimwambia. "Aangalie kule unakotaka kwenda. Ukirudi, atakukumbusha."

"Na wewe si utamwona?"

"Nitamwona. Na mimi nitamgeuza wangu, na wewe utamwona. Tutacheza hivyo hivyo. Mchezo wa nyumbani huu, tunafichana nini?"

Basi wakacheza hivyo miaka nenda miaka rudi, kila mmoja akijua mwenzake anakwenda wapi, na mshindi akapatikana kwa ustadi mtupu. Siku moja tu Siafu alijaribu ujanja. Alimgeuza farasi upande wa malkia, akaenda kaunta, akarudi akashambulia upande wa mfalme, akashinda, akaruka juu kwa furaha. Kaka hakugomba. Aliukunja ubao, akauweka juu ya kabati la nguo zisizodaiwa, na likizo ile nzima hakucheza naye tena. Siafu alipomlilia Mama, Mama alisema, "Muulize kaka yako." Kaka akasema, "Sichezi na mtu ambaye farasi wake anaongopa." Binti aliapa hatarudia, na hakurudia.

Mengine yaliyofuata magazeti yameyaandika mpaka yamechoka. Wakili mmoja aliyekuja kuchukua joho lake alikaa kusubiri, akaingizwa kwenye mchezo, akafungwa na mtoto aliyekuwa anamenya karanga. Alipomaliza kuona haya, alimpeleka kwenye klabu ya wakubwa. Pale Siafu aliwachapa watu wenye ndevu mmoja baada ya mwingine. Wengine walisema wana mafua, wengine walisema taa ni hafifu. Alichukua ubingwa wa watoto, kisha wa vijana, kisha wa taifa, akiwa bado anavaa soksi za shule. Kaka aliacha duka na kumfuata. Alimbebea masanduku, akamtafutia maji ya moto kwenye nyumba za wageni, akakesha naye kwenye vitabu vya ufunguzi wa michezo, na kila asubuhi ya shindano alimpigia pasi koti lake. Mwaka alioupata ubingwa wa dunia, mkono wa kwanza alioushika haukuwa wa rais wa chama. Ulikuwa wa Kaka, na ulikuwa unanuka wanga wa nguo.

Huyo ndiye mtu ambaye sasa alikuwa anamchunguza kwa pembe ya jicho.

*

Shuku ni mgeni asiyeaga. Ukimpa kiti, anaomba godoro. Siafu alianza kuona mambo. Aliona Kaka akitoka nje kupiga simu. Aliona Kaka akinyamaza yeye anapoingia. Halafu, siku ya mapumziko, akishuka ngazi za hoteli, alimwona Kaka kwenye sebule ya wageni amesimama uso kwa uso na Fundi Saa. Walikuwa wanaongea kwa sauti ya chini. Fundi Saa alikuwa amejishika kifuani kama mtu anayeapa. Kaka akatikisa kichwa, akasema jambo, wote wawili wakacheka.

Siafu alirudi juu kwa ngazi zilezile.

Jioni ile alimuuliza, kwa sauti ya mtu asiyejali, "Leo umeongea na nani?"

"Fundi Saa. Amemwagikiwa wino kwenye mfuko wa shati. Aliniuliza doa la wino linatokaje. Nikamwambia atumie spiriti na pamba, apapase, asisugue."

"Basi?"

"Basi. Ulitaka nimwambie asugue?"

Alicheka, lakini Siafu hakucheka. Wino. Mtu anapigania ubingwa wa dunia, anakwenda kumuuliza ndugu wa mpinzani wake habari za wino. Hata mtoto mdogo angetunga uongo mzuri zaidi, alijiambia, na hakufikiri kwamba pengine ndiyo sababu ya kuuamini.

Akatega mtego. Kesho yake, kabla ya mchezo wa saba, alimwita Mkufunzi pembeni akamwambia atashambulia upande wa malkia. Kisha akamwita Kaka ili amwambie uongo wa pili. Hapo ulimi ukamgomea. Alimtazama usoni yule mtu aliyekuwa akimfunga kamba za viatu utotoni, akajikuta anamwambia ukweli: atashambulia upande wa mfalme. Alijituliza kwamba haidhuru. Uongo uko kwa mmoja, ukweli uko kwa mwingine, na Fundi Saa atakakokimbilia ndiko kutakakomtaja msaliti.

Fundi Saa alikimbilia upande wa mfalme. Alijenga ukuta huko mapema kabisa, kwa mikono yake safi, bila kumwaga jasho. Mchezo uliisha sare, na Siafu alitia sahihi karatasi ya matokeo huku macho yakimwasha.

Wahenga walisema mtego wa panya huingia waliokuwamo na wasiokuwamo. Mtu mwenye akili ya kuona hatua kumi na tano mbele kwenye ubao hakuona hatua moja kwenye mtego wake mwenyewe. Kama ukweli ungevuja kwa njia nyingine yoyote, bado ungemwangukia Kaka. Lakini alishamkasirikia mtu, na aliyekasirika hahesabu.

Kaka alikuwa chumbani, anapiga pasi koti la kesho. Siafu alisimama mlangoni.

"Kwa nini unamwambia?"

"Namwambia nani nini?"

"Fundi Saa. Mipango yangu. Nilimwambia Mkufunzi vingine, wewe nikakwambia vingine. Amekwenda kulekule nilikokwambia wewe."

Kaka aliisimamisha pasi. Alimtazama kwa muda, si kwa hasira, bali kama mtu anayesoma maandishi madogo.

"Unaniuliza, au umeshaamua?"

Siafu aligeuzia macho yake kwenye koti.

"Sawa," Kaka alisema. Akamalizia mkono wa kushoto wa koti, akanyoosha kola, akalitundika kwenye kiango. Kisha akachomoa pasi, akaifunga waya wake vizuri, akaanza kukunja mashati yake na kuyatia kwenye begi. "Kola usiishike na mikono yenye mafuta. Mwambie Mama nimeondoka salama, mimi sitajua niseme nini."

"Huna hata la kujitetea?"

"Mdogo wangu, ningekuwa na la kujitetea kwa mtu mwingine. Kwako sikuwahi kuliandaa."

Akaondoka. Siafu alilia, kisha akajikaripia kwa kulia, kisha akajiambia kwamba anayeng'oa jino bovu lazima aumie. Mkufunzi alipopata habari alishika upara wake kwa mikono miwili.

"Una hakika, binti?"

"Nina hakika."

"Mimi nilisema ya wahenga tu. Sikumtaja mtu."

*

Jino bovu liling'olewa, na maumivu yakabaki palepale. Mchezo wa nane hakumwambia mtu yeyote chochote, hata Mkufunzi, hata kioo cha bafuni. Fundi Saa akajua. Wa tisa akajua. Siafu alianza kukagua taa za chumbani, akabandua picha ukutani kuona nyuma yake kuna nini, akamtaka mwamuzi apekue kiti cha mpinzani. Kiti kikapekuliwa, kikakutwa ni kiti. Alipunguza mwendo, akacheza kwa woga, sare juu ya sare. Kila mtu alijua kwamba pointi zikibaki sawa mpaka mwisho, itachezwa michezo ya haraka, na kwenye michezo ya haraka Fundi Saa alikuwa hana mpinzani. Bila ushindi mmoja, ubingwa ulikuwa unakwenda.

Siku moja kabla ya mchezo wa mwisho, walipokuwa katikati ya mchezo, Fundi Saa aliinama kuchukua kalamu iliyoanguka, na Siafu akauona mfuko wa shati lake. Palikuwa na kivuli hafifu cha bluu, cha doa lililopapaswa na kutoka, lisilosuguliwa. Alilitazama doa lile kwa muda mrefu kuliko alivyotazama ubao.

Kama wino ulikuwa kweli, basi Kaka hakuwa amesema uongo.

Alikuwa bado kwenye wazo hilo taa za jukwaani zilipozimika. Watu wakaguna. Mwamuzi, kwenye mwanga mdogo wa milango ya dharura, alisimamisha saa na kuwaomba wachezaji wasubiri kando mpaka umeme utengenezwe. Ilikuwa zamu ya Siafu. Akafanya alichofanya siku zote kabla ya kusimama. Akasema, "Naweka sawa," kama sheria inavyotaka mchezaji aseme anapogusa kete yake bila nia ya kuicheza, akazinyoosha kete zake katikati ya miraba. Dunia nzima ya sataranji iliijua tabia hiyo na kuitania. Walisema binti wa dobi anapiga pasi hata ubao.

Akainua macho. Fundi Saa hakuwa anamtazama yeye. Hakuwa anautazama ubao wote. Alikuwa anatazama kete moja tu, kwa utulivu wa mtu anayesoma saa ukutani, kisha akanyanyuka zake kwenda kutafuta maji.

Siafu akashusha macho mahali pale alipotazama mwenzake. Farasi wake, yule wa kulia, alikuwa amegeuka. Pua yake ilielekea upande wa mfalme, kule kule ambako yeye, moyoni, alikuwa ameamua kwenda. Na vidole vilivyomgeuza vilikuwa bado juu yake.

Mteja ameingia, aliwaza. Mteja ameingia dukani, na mimi nasimama kwenda kaunta.

Miaka yote. Kila aliponyanyuka kwenda kunywa maji, kila aliponyanyuka kunyoosha miguu, mbele ya kamera za dunia nzima. Wengine wote waliona usafi. Fundi Saa, aliyekulia kwenye vipuri vidogo, aliona kipuri. Hakuiba kitu. Aliambiwa, na aliyemwambia alikuwa Siafu mwenyewe. Nyani haoni kundule. Siafu alikuwa amekwenda hatua zaidi, akamfukuza ndugu yake kwa kosa lake yeye mwenyewe.

Taa zilirudi. Aliomba sare, akakubaliwa. Alitoka nje akampigia Kaka simu, ikaita mpaka ikakata. Akampigia Mama.

"Yupo," Mama alisema. "Anapiga pasi. Nimemwambia ni wewe. Anasema ana nguo za watu."

"Mama, hakufanya. Sikujua. Ni mimi."

Upande wa pili mvuke ulisikika ukipumua.

"Hayo mwanangu usiniambie mimi," Mama alisema. "Mimi sikuwahi kudhani alifanya."

*

Angeweza kuacha tu. Angeweza kumwacha farasi aangalie mbele kama farasi wa watu wengine, akacheza mchezo wake, akashinda au akashindwa kwa haki. Asubuhi ya mchezo wa mwisho, akiwa amevaa koti ambalo mikunjo ya pasi ya Kaka ilikuwa inaanza kufifia, aliliwaza hilo kwa dhati. Lakini Fundi Saa si mjinga. Farasi akinyamaza, atajua ameshtukiwa, na atajilinda pande zote mbili kama ajuavyo yeye. Ubingwa ule Siafu alikuwa ameulipia na ndugu yake. Kuupoteza sasa aliona ni kupoteza vyote. Siafu hakumwambia Mkufunzi kitu. Alishazoea kutomwambia mtu.

Aliucheza ufunguzi kwa utulivu. Moyoni alikuwa amechagua upande wa mfalme. Saa ya kwanza ilipokwisha, alisema, "Naweka sawa," akanyoosha kete, na mkono ukafika kwa farasi. Ulitaka kwenda ulikozoea. Ilibidi aulazimishe, kama mtu anayeandika kwa mkono wa kushoto. Akamgeuza farasi upande wa malkia, akacheza hatua ndogo isiyofichua kitu, akasimama, akaenda kunywa maji.

Alipogeuka, Fundi Saa alikuwa anahamisha kete yake ya ngome. Upande wa malkia.

Yaliyobaki yalikuwa mafupi. Siafu alisukuma askari wake upande wa mfalme, kwa mstari, bila haraka, na hakukuwa na mlinzi wa kutosha wa kuwazuia. Fundi Saa alitazama ubao, akamtazama farasi, kisha kwa mara ya kwanza kwenye mechi ile akamtazama Siafu machoni. Alikuwa kama mtu aliyeibiwa na jirani. Akampa mkono.

"Hongera," alisema. "Nilidhani hawezi kuongopa."

Ukumbi ulisimama wote. Siafu alipunga mkono, akatabasamu, akapigwa picha. Mkono alioushika kwanza ulikuwa wa rais wa chama.

*

Hakungoja sherehe. Alifika dukani mchana, kombe likiwa kwenye mfuko wa plastiki. Mama alimkumbatia, akamshika mashavu, akasema amekonda, akaenda nyuma kwenye mapipa ya kuloweka akiwaacha wawili. Kaka alikuwa kwenye meza ya pasi, anapambana na shati la mtu lenye mikunjo kama uso wa mdai.

"Kaka, nimekukosea," Siafu alisema. Alikuwa ameandaa maneno mengi njiani, yote yakampotea. "Nimekukosea sana."

"Najua. Mama ameniambia." Aligeuza shati. "Yamekwisha. Wewe ni damu yangu, nitakupeleka wapi?"

Alisema kweli, uso wake ulikuwa mkunjufu, hauna kinyongo. Siafu alilia waziwazi pale kaunta, na Kaka akampa kitambaa, kisha akamwambia asijifute na kile, ni cha mteja. Wakacheka. Kilikuwa kicheko chao kilekile.

"Mchezo wa mwisho uliuona?" Siafu aliuliza.

"Niliuona."

"Ukasemaje?"

"Nilimwona farasi," Kaka alisema. Akanyunyiza maji kwenye kola, akapitisha pasi. "Ulicheza vizuri."

Akaushusha ubao toka juu ya kabati bila kuombwa. Waliupanga pembeni mwa meza, pale penye alama ya moto ya pasi ya zamani, na wakaanza. Muda haukupita Siafu akasahau kombe, akasahau kamera. Askari wake walianza kusogea. Aliona njia nzuri upande wa mfalme, akaifurahia kama alivyofurahi utotoni, na hakuona sababu ya kuificha.

Kengele ya mlango ikalia. Mwanamke mmoja aliingia na gauni begani, akiuliza kama doa la mafuta linatoka.

"Nenda wewe," Kaka alisema. "Bingwa wa dunia, lakini kaunta ni yako."

Siafu alicheka. Kabla ya kusimama, mkono wake ulimgeuza farasi upande wa mfalme, wenyewe, bila kulazimishwa. Alikwenda, akalipokea gauni, akaandika tiketi, akamwambia yule mwanamke arudi kesho kutwa. Moyo wake ulikuwa mwepesi kwa mara ya kwanza tangu mechi ianze.

Alirudi, akaketi, akatazama ubao.

Kaka alikuwa amecheza. Alikuwa ameiondoa ngome yake kwa mfalme na kuipeleka mbali, upande wa malkia, mahali ambapo hapakuwa na hatari yoyote. Mfalme wake alikuwa amebaki peke yake. Njia ya kumfikia ilikuwa wazi mpaka mtoto angeiona, na farasi alikuwa bado ameielekeza pua yake hapo hapo, hajatikisika.

Siafu alimtazama kaka yake. Hakukuwa na mzaha usoni mwake, wala kisasi. Alikuwa amelowesha kidole na kuijaribu pasi kama imepata moto.

"Zamu yako, mdogo wangu," alisema kwa upole, macho yake yakiwa upande wa malkia, akimsubiri huko.